Land Rover Series III gerejini nyumbani: uirudishe asili, uibadilishe, au uitunze ilivyo?

Ulinganisho huu ni wa mtu ambaye tayari anayo Land Rover Series III, awe ameirithi, ameipata mnadani au ameikuta imeegeshwa shambani kwa miaka. Nafasi nyumbani ipo, nia ipo, lakini kila anayemuuliza anampa jibu lake. Fundi mmoja anataka gari lifunguliwe lote hadi chesisi, lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Mwingine anasema injini hiyo iuzwe chuma chakavu, iwekwe dizeli ya kisasa, maisha yaendelee. Mzee wa familia naye anasisitiza gari lisiguswe, litengenezwe breki tu na liendeshwe.

Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu kila mmoja anafikiria gari la kazi tofauti. Nimechagua Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, kwa kuwa ndiyo Land Rover ya zamani ambayo bado unaweza kuikuta Tanzania na Kenya bila kuitafuta mbali. Nyingine ziliunganishwa hapa hapa, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya kule Thika. Mengi ya yanayofuata yanazihusu Series II pia.

Vigezo

Nimezipima njia zote tatu kwa mambo sita. La kwanza ni fedha, na hapa swali si jumla tu, ni jinsi zinavyotoka: kwa mkupuo au kidogo kidogo. La pili ni kazi ya nyumbani, yaani kipi utafanya mwenyewe na kipi lazima umlipe fundi. La tatu ni spea. La nne ni gari litakavyokwenda barabarani. La tano ni karatasi. La mwisho, ambalo watu hulisahau, ni kama unaweza kurudi nyuma ukibadili mawazo.

Kwanza lala chini ya gari

Kabla ya kulinganisha chochote, chukua nyundo ndogo na bisibisi, ulale chini. Bodi ya Land Rover ni ya Birmabright, aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu, iliyochaguliwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa sababu Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma. Ndiyo maana gari la miaka arobaini linaweza kuonekana zima kwa macho. Chini ya bodi hiyo kuna chesisi ya chuma, yenye umbo la boksi, na boksi hilo hukusanya matope na maji kisha kuoza kutoka ndani kuja nje.

Gonga boriti ya nyuma kabisa, gonga mikono ya pembeni inayobeba bodi, gonga sehemu zote zinazoshika springi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na bisibisi inazama. Kisha kagua ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria, ule unaobeba dashibodi, pedeli na bawaba za milango. Ukifunua zulia la miguuni ukaona barabara, umeshapata jibu. Magari yaliyoishi Tanga, Mombasa au Zanzibar yachunguze mara mbili, kwa maana hewa ya chumvi haina huruma.

Chesisi ikiwa imekwisha, kazi kubwa inakungoja kwa njia yoyote utakayoichagua. Kuna wanaotumia fedha zote kwenye injini mpya wakaifunga juu ya chesisi iliyojazwa puti na rangi nyeusi, na sielewi wanalala vipi.

Njia ya kwanza: kuirudisha asili

Fedha. Hii ndiyo njia ghali kuliko zote, na fedha haziendi pale watu wanapodhani. Injini ya petroli ya lita 2.25, yaani sentimita za ujazo 2,286, ni chuma cha kalibu kuanzia bloku hadi kichwa, na fundi mzuri wa mashine anaifanyia oveholi bila miujiza. Fedha huishia kwenye kuchomelea, kwenye rangi, na kwenye msururu wa vitu vidogo: raba za milango, vioo, swichi, taa, viti, grili ya plastiki ambayo karibu kila Series III imeipoteza. Kila kimoja ni kidogo; vikijumlishwa vinashinda injini.

Kazi ya nyumbani. Kufungua ni rahisi kuliko magari mengi, maana bodi imefungwa kwa bolti na riveti, kipande kwa kipande. Watu wanne wanainua paa. Ugumu uko kwenye bolti za chuma zilizokaa ndani ya aluminiamu kwa miongo: metali hizo mbili zikigusana kwenye unyevu, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe na bolti hugoma. Weka grenda karibu. Spana za milimita hazitakufaa. Bolti nyingi ni za inchi, kama 7/16, 1/2 na 9/16, na anayelazimisha spana ya 13 pale pa nusu inchi ataharibu kichwa cha bolti. Piga picha kila hatua na utie bolti kwenye mikebe yenye majina.

Kinachohitaji fundi ni chesisi, kuchomelea aluminiamu na rangi. Aluminiamu haichomelewi kwa mashine ya kawaida ya mtaani. Inataka mashine ya gesi ya agoni na mkono unaoijua. Rangi nayo inataka praima maalumu ya kushika aluminiamu, la sivyo itabambuka vipande vipande. Mwambie fundi rangi mapema kwamba riveti zinatakiwa kuonekana, na zile kona na kingo zilizochovywa zinki hazipakwi rangi. Akizisawazisha zote kwa puti ili bodi ing'ae kama ya gari dogo, ameondoa hicho hicho ulichokuwa unalipia.

Spea. Mambo ya injini, breki na giaboksi bado yanapatikana, mengine Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, mengine kwa kuagiza Uingereza, ambako viwanda bado vinatoa hata chesisi mpya nzima zilizochovywa zinki. Usafiri wa mzigo wa aina hiyo upigie hesabu kabla hujaufurahia. Kwa rangi ya asili, ukiwa na namba ya chesisi unaweza kuomba Uingereza hati inayotokana na kumbukumbu za kiwanda. Kwa gari lililounganishwa Thika kutoka vipande, kumbukumbu hizo mara nyingi hazina la kusema, kwa hiyo kwaruza chini ya viti utafute rangi ya kwanza. Paa na rimu nyingi zilikuwa na ile rangi ya maziwa iitwayo Limestone.

Barabarani. Utapata Land Rover nzuri, lakini ni ya 1975. Injini ya petroli ina nguvu farasi zipatazo 70, na difu zake, yaani gia za kwenye ekseli, ni za uwiano wa 4.7 kwa 1, yaani kwenye kilomita 80 kwa saa injini inapiga kelele kama inadai mshahara. Tegemea kilomita 5 hadi 7 kwa lita. Usukani mzito, breki za dramu magurudumu yote manne, na nyingi za mwanzo zina mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki: bomba moja likipasuka, pedeli yote inazama.

Karatasi. Hapa ndipo njia hii inapopumzisha moyo. Namba ya injini na ya chesisi zinabaki zile zile zilizo kwenye kadi ya usajili (Tanzania) au logbook (Kenya). Ukibadilisha chesisi nzima, hata hivyo, namba iliyogongwa mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikwa, inaondoka na chesisi ya zamani. Zungumza na wasajili wa magari, TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, kabla ya kukata chochote.

Kurudi nyuma. Hakuna cha kurudia, isipokuwa kimoja: rangi ya zamani na alama zake zikishaondoka hazirudi.

Inamfaa nani? Mwenye gari lililokamilika, lenye vitu vyake vingi vya asili, mwenye gari jingine la kwendea kazini, na asiye na haraka. Inamfaa pia mwenye ndoto ya kulipeleka kwenye maonyesho kama Africa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, yaliyoanza 1970, ambako majaji hukagua hadi chini ya gari.

Njia ya pili: kuibadilisha

Hapa maneno ni mengi na ushauri mbaya ni mwingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fedha. Hutoka kwa mkupuo: injini, na karibu kila kitu kinachoiunganisha, kwa wakati mmoja. Watu hupiga hesabu ya injini peke yake. Wanasahau maungio ya injini, rejeta kubwa zaidi, mabomba, egzosi mpya, waya, pampu, na saa za fundi wa kutengeneza vipande ambavyo haviuzwi popote. Chukua bei ya injini uizidishe mara mbili, hapo utakuwa karibu na ukweli, na bado hujagusa breki.

Kazi ya nyumbani. Inategemea injini. Iliyo rahisi kuliko zote ni dizeli ya Land Rover yenyewe, 200Tdi, iliyoingia kwenye Discovery mwaka 1989 na Defender mwaka uliofuata. Ukoo wake ni ule ule wa injini ya lita 2.25, kwa hiyo inakaa kwenye giaboksi ya Series bila kutengenezewa sahani ya kuunganishia. 300Tdi iliyofuata ina maungio tofauti na inataka kuchomelea zaidi. Dizeli za Toyota, Nissan au Isuzu zinawezekana, na mafundi wetu wamezifunga nyingi, lakini hapo unahitaji sahani ya kuunganishia au giaboksi yake nzima, na propela zikatwe upya. Kazi hiyo si ya mtu mmoja na jeki moja.

Kisha ujue mnyororo wa matatizo unavyokwenda. Injini ya petroli ya zamani hutoa nguvu ya kuzungusha (torque) ya takriban Nm 160. 200Tdi hutoa takriban 255. Nguvu hiyo yote inapita kwenye giaboksi ile ile, difu zile zile na hafshafti zile zile, yaani vyuma vinavyozungusha magurudumu, na kwenye 88, ile fupi yenye inchi 88 kati ya ekseli, hafshafti za nyuma zilikuwa zikikatika hata kwa injini ya asili. Series III 109 nyingi, zile ndefu za inchi 109, zina ekseli ya nyuma ya Salisbury, ambayo ni ngumu zaidi. Mwendo ukiongezeka, breki za dramu zinabaki nyuma, hivyo breki za diski mbele na mfumo wa mabomba mawili unapaswa kuingia kwenye bajeti ya kwanza kabisa, kabla ya turbo.

Wengi hubadilisha difu pia, wakaweka za uwiano wa 3.54 kutoka Range Rover au Discovery. Kwa mzunguko ule ule wa injini gari linakwenda haraka zaidi kwa theluthi moja, na kelele inapungua. Ukifanya hivyo ukabakiza injini ya zamani, milima ya Lushoto itakufundisha adabu. Kumbuka pia kwamba 109 yenye Salisbury haipokei difu hizo nyuma, na spidomita itadanganya hadi irekebishwe.

Spea. Kwa injini ya Kijapani ni raha: kila mji una duka. Kwa Tdi ni wastani, ingawa Defender bado zipo nyingi kwenye utalii na mashirika, kwa hiyo Arusha na Nairobi huhangaiki. Tatizo ni vile vipande vya kutengenezwa. Klachi itakapokwisha baada ya miaka, nani atakumbuka sahani ilitoka wapi na bearing ilikuwa ya gari gani? Andika kila kitu kwenye daftari linalokaa ndani ya gari.

Barabarani. Inapofanywa vizuri, hili ni gari la kutumia. Linapanda, linatembea na malori bila kuwazuia, na linaweza kufika kilomita 9 hadi 11 kwa lita. Inapofanywa vibaya linatetemeka, linachemsha, linavuta upande. Jambo moja la kuzingatia: injini ya zamani hutumia cheni ya taimingi, Tdi hutumia mkanda. Mkanda hauna onyo. Ukikatika injini inaumia, na kwenye vumbi letu ubadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Karatasi. Namba ya injini imebadilika, hivyo kadi au logbook lazima ifuate, na gari lipelekwe kukaguliwa. Hifadhi risiti na nyaraka za injini tangu siku ya kuinunua. Injini isiyo na karatasi ni ya bei nafuu kwa sababu. Wajulishe watu wa bima pia. Wengi tayari husita kutoa bima kubwa kwa gari la umri huu, na mabadiliko yaliyofichwa huwapa sababu ya kutokulipa.

Kurudi nyuma. Inategemea umekata nini. Ukifunga 200Tdi bila kukata chesisi, ukahifadhi injini ya asili kwenye kona ikiwa imepakwa oili, yeyote anayekuja baadaye anaweza kuirudisha. Ukikata ukuta wa injini ili Toyota iingie, mlango huo umefungwa.

Inamfaa nani? Anayetaka kwenda safari ndefu, mwenye shamba au biashara ya kubeba wageni, na hasa mwenye gari ambalo injini yake ya asili ilishapotea zamani. Gari la namna hiyo halina uasilia wa kulindwa, na hakuna sababu ya kujilaumu.

Njia ya tatu: kuitunza ilivyo

Njia hii haina picha za kupendeza za kabla na baada. Unaacha rangi iliyopauka, unaacha mikwaruzo ya ng'ombe na mizigo, unaacha maandishi ya idara iliyolimiliki kama bado yanasomeka mlangoni. Unatengeneza breki, usukani, umeme, uvujaji na kutu, basi.

Fedha hutoka kidogo kidogo, mwezi huu silinda za breki, mwezi ujao bushi za springi. Kwa mshahara wa kawaida hii ni tofauti kubwa. Hatari yake ni kwamba matengenezo hayaishi, na baada ya miaka unaweza kuwa umetumia fedha nyingi bila kuwa na cha kuonyesha zaidi ya gari linalowaka asubuhi.

Kazi ya nyumbani ndiyo inayofaa anayeanza kujifunza. Kabureta ya Zenith unaifungua mezani; kifuniko chake cha juu hupinda kwa joto, na ukikisawazisha kwa msasa juu ya kioo, kutikisika kwa injini gari likiwa limesimama huisha mara nyingi. Pointi za kuwashia unaweza kuziondoa ukaweka mfumo wa elektroniki unaokaa ndani ya distribyuta ile ile bila kuonekana nje. Ovadraivu ya Fairey, ukibahatika kuipata, inafungwa nyuma ya giaboksi na kupunguza mzunguko wa injini kwa zaidi kidogo ya moja ya tano, ukiichoka unaifungua. Chesisi yenye matundu machache hukatwa palipooza na kuwekwa bati la milimita 2 hadi 3, siyo kubandika juu ya kutu. Ile desturi ya kumwagia oili chafu chini ya gari husaidia chuma, lakini hulainisha raba za bushi na huchafua ardhi ya nyumbani kwako. Nta ya kunyunyizia ndani ya chesisi ni bora.

Spea ni zile zile za njia ya kwanza, ila unahitaji chache na unaweza kukubali zilizotumika. Barabarani ni gari lile lile la polepole lenye breki zile zile, kwa hiyo usalama unategemea wewe kuzikagua. Karatasi hazibadiliki. Kurudi nyuma ndipo inapoongoza: hujaharibu kitu, na kesho unaweza kuhamia njia yoyote kati ya hizo mbili.

Inamfaa mwenye gari linalotembea au lililo karibu kutembea, chesisi yake ikiwa na nafuu. Haifai gari lililooza; hapo kutunza ni jina zuri la kuahirisha.

Mambo yasiyobadilika kwa njia yoyote

Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishainuka liwekwe kwenye stendi za chuma kabla hujaingiza hata mkono, na tofali la saruji si stendi. Tangi la 88 liko chini ya kiti cha mbele: usichomelee hapo kabla ya kulitoa na kulipeleka mbali. Ondoa waya za betri na alteneta kabla mashine haijawashwa. Vumbi la breki na klachi za zamani linaweza kuwa na asbestosi, kwa hiyo usilipulize kwa upepo; lilowanishe ulifute kwa kitambaa cha kutupa.

Uchague ipi?

Kama ni gari lako pekee na Jumatatu unalihitaji, itunze ilivyo, na breki ziwe za kwanza. Kurudisha asili kutaliweka juu ya mawe kwa muda mrefu kuliko fundi yeyote atakavyokuahidi.

Kama chesisi imeoza lakini bodi, injini na vitu vya ndani vimekamilika, kuirudisha asili ina maana, kwa sababu kazi ya kuifungua yote huwezi kuikwepa hata hivyo. Iwapo chesisi imeoza na injini pia si yake, ibadilishe, lakini fedha za chesisi zitangulie za injini.

Kama unaishi milimani au unasafiri mbali na unaipenda sura ya Series III kuliko historia yake, njia ya pili ni yako. Chagua injini ambayo fundi wa mjini kwako anaifungua macho yamefumba, hata kama mtandaoni wanasifia nyingine.

Kama gari ni la urithi, na ndugu zako wana maoni, kaa nao kabla ya kufungua bolti. Rangi aliyoichagua marehemu baba inaweza kuwa na uzito kwa dada yako kuliko unavyodhani, na njia ya tatu inawaachia wote nafasi ya kuamua baadaye.

Na kama gari tayari liko vipande vipande gerejini na huna hakika unaelekea wapi, simamisha ununuzi wa spea. Maliza chesisi, rudisha ekseli, springi na magurudumu, ili liweze kusukumwa nje na kuingizwa ndani. Kisha hesabu kilichobaki mikebeni: kama vitu vya asili vingi vipo, ya kwanza bado iko wazi, kama vimepotea, anza kumtafuta mwenye 200Tdi yenye karatasi.